Safari ya Jangwani, Bei ya Mambrui

Mama alisema: Nipeleke na mimi.
Wapi, Mama? Viza imekwisha,
pasi imelala sandukuni chini ya shuka za wageni.
Huko, akasema, ulikokuwa ukiwapeleka watu wa watu.

Basi nikakodi tuktuk ya Ngumbao kutwa,
ile iliyoandikwa mgongoni NALIPA KESHO,
na saa mbili asubuhi tukaondoka Barani.

"Mabibi na mabwana," nikaanza kwa sauti ya kazi,
"upande wenu wa kulia..."
na upande wa kulia palikuwa duka la saruji, limefungwa.
Mama akageuza shingo, akalitazama kwa heshima,
kana kwamba hajawahi kukopa misumari pale.

Kabla ya daraja la Sabaki nikamwonyesha
jengo refu kuliko yote duniani: mnara wa simu.
"Ghorofa ngapi?"
"Mia na sitini. Lifti yake inaziba masikio."
Akaziba masikio.

Soko la dhahabu lilikuwa meza moja ya ndizi mbivu.
Akauliza bei, akasema ghali, akaondoka
sawasawa na wageni wangu wote.

Mambrui, vilima vya mchanga.
Nikashuka, nikapunguza upepo matairi yote matatu,
kama tulivyofanya kule.
Ngumbao akashika kichwa: "Pampu unayo?"
Sina.
"Mama, shikilia chuma!"
Tuktuk ikapanda hatua sita za kuku,
ikakohoa, ikazama mpaka tumboni.
Kule wageni walitapikia mfukoni.
Mama alicheka mpaka mtandio ukamtoka.

Tukapanda juu kwa miguu. Mkeka, kahawa ya chupa, tende za pakiti.
Kunguru akatua karibu;
nikamwambia huyu ni kozi, amefunzwa, ana cheti.
Kozi akaiba tende na kokwa lake.

"Mchanga wenyewe ndio huu?"
Kule ni mwekundu zaidi, nikasema. Haukomi.
Ukifika mwisho wa kilima huoni bahari,
unaona kilima.

Akachambua tende, hakuila.
"Na wewe, nani alikutembeza?"

Miaka saba, Mama.
Siku elfu mbili na ushei niliegesha gari chini ya lile jengo
nikihesabu vioo. Nikifika thelathini, arubaini,
simu inalia: tumeshuka, uko wapi?
Lifti naijua kwa midomo ya watu.
Tiketi moja ya kupanda ilikuwa daftari na sare za Swabra.
Na ile picha uliyoitia fremu,
gari jeupe, miwani, jangwa nyuma yangu,
aliipiga Mpakistani wa chumba chetu,
chumba cha wanane, feni kwa zamu.
Miwani ilikuwa yake.

Hayo sikuyasema. Nilisema: "Nilitembea sana."

Mama akajibu mmh,
ile mmh ndefu anayompa muuza samaki
anayeapa kuwa huyu kavuliwa leo.

Akafungua fundo la leso, akatoa noti ya mia mbili,
akanitia mfukoni, akavua viatu.
Akaitandaza leso ukingoni mwa mteremko,
akaketi, akapigapiga mchanga ubavuni pake.
"Kaa. Leo mgeni ni wewe."

Sisemi tuliruka kama ndege.
Leso ilikwama nusu ya njia,
tukamalizia kwa makalio,
mchanga hadi kwenye meno,
na huko chini Ngumbao akisukuma peke yake,
akinilaani mimi na jangwa langu.

Magharibi ilitukuta tena kwenye mnara wa simu.
"Simamisha."
Mama, haupandwi huu, umezungushiwa seng'enge.
"Nani kasema napanda?
Nataka kuona ulikuwa ukingojaje."

Ngumbao akazima injini.
Mama akainua kidole kwenye vyuma,
moja, mbili,
akakosea, akaanza upya.
Kwenye kumi na moja
nilikuwa nikihesabu naye.